Kipande Kilicholala Kinyume

Agathi alikuwa na kovu la meno ya minki kwenye kidole gumba, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza amelipata wapi. Kovu la mdogo wake Melpo, dogo kama punje ya ulezi, lilijulikana nyumba zote za ukingoni mwa ziwa la Kastoria, na kila Krismasi lilisimuliwa upya kana kwamba limepatikana juzi.

Mjomba wao alifuga minki kilimani. Mnyama mwenyewe hana makuu ukimtazama: kiuno kirefu, miguu mifupi, sura ya nguchiro aliyeamka vibaya. Kastoria humwita vizoni, na mji mzima unakula na kuvaa na kuozesha mabinti kwa ngozi yake, lakini sijamsikia mtu akisema anampenda. Naye vizoni hapendi mtu, hapendi hata nduguye. Watoto wakikua kidogo hutenganishwa kila mmoja na kizimba chake, la sivyo wataumana, na ngozi iliyoumwa, hata manyoya yafunike vipi, alama hubaki upande wa ndani.

Melpo, kabla hajaanza shule, alipenyeza kidole kwenye waya wa kizimba, na vizoni akakidaka. Agathi akatimua mbio, akaingiza mkono wake, akayapanua yale meno, naye akang'atwa mpaka mfupani. Melpo hakulia. Alimwinamia mnyama akamporomoshea tusi alilolisikia kwa wachuna ngozi, tusi la watu wazima, na mjomba akacheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo mama yao, Bi Evanthia, akawa anamwita Melpo "Vizoni wangu". Agathi alifungwa kitambaa, akaendelea kuitwa Agathi.

Mtu wa nje atasema hilo ni jambo dogo. Na aseme. Hajakaa mezani miaka nenda rudi akisikia, "Vizoni wangu, ongeza maharage," kisha, "Agathi, sogeza sahani."

Melpo aliolewa na Stratos, mchuuzi wa makoti, wakahamia Frankfurt kama walivyohamia nusu ya watu wa mji. Agathi alichumbiwa mara moja, uchumba ukavunjika, akabaki nyumbani kushona na mama yake. Kazi yao ilikuwa mabaki. Karakana kubwa zikishakata ngozi nzima hubaki makucha, mikia, mapaji na makoo, na mafundi wa Kastoria hawatupi kitu. Kila kipande huchaguliwa kwa rangi na urefu wa manyoya, kikalazwa upande mmoja na wenzake, kikaunganishwa, mpaka vipande vidogo kama majani ya mnanaa vinakuwa koti ambalo mwanamke wa mjini atalivaa bila kujua lina mishono mingapi. Siri yote ni kulaza. Manyoya ya koti lazima yatiririke kutoka shingoni kwenda chini. Kipande kimoja kikigeuzwa, mkono unakwama, na jicho la fundi huona doa jeusi mahali ambapo hakuna doa.

Katika kazi hiyo Bi Evanthia hakuwa na mpinzani. Na kwa muda mrefu, katikati ya kazi za watu, alikuwa akishona koti lake mwenyewe, la makoo matupu ya madume meusi, yale makoo laini ambayo ukiyagusa unasahau ulichokuwa unasema. Makoo hayo Agathi ndiye aliyeyachagua. Aliyapanga dirishani asubuhi, mwanga ukiwa bado mweupe, akatupa kumi akabakisha moja. Alilijua lile koti kipande kwa kipande. Siku lilipotolewa kwenye ubao lilipokuwa limepigiliwa misumari likauke, alijifunika nalo mama yake akiwa sokoni, akasimama mbele ya kioo, akajiona mwanamke.

Hakuna aliyemwambia kwamba koti ni lake. Lakini lingekuwa la nani? Nani mwingine alikuwa ndani ya nyumba ile?

Jibu alilipata Desemba, simu ilipolia na mama yake akaipokea ukumbini huku yeye yuko kwenye mashine.

"Lako, Vizoni wangu," Bi Evanthia alikuwa akisema, anacheka kama msichana. "Lako, la nani tena? Njoo ulichukue mwezi wa kwanza, siku za sherehe ya Ragutsaria. Usilete chochote, lete mabega yako tu."

Mguu wa Agathi ukaacha kukanyaga. Alihisi kitu cha moto kinapanda kutoka tumboni hadi kwenye masikio. Melpo alikuwa na makoti matano! Alikuwa na mume mwenye duka zima la makoti. Akikohoa Frankfurt, Kastoria mama anachemsha dawa. Na bado lile moja, lile la makoo, lile ambalo Agathi alilichagua kwa macho yake mwenyewe, nalo likamfunike Melpo?

"Mbona umesimamisha mashine?" Bi Evanthia aliuliza akirudi.

"Uzi umekatika."

Mama alitupia jicho mashine kutoka mlangoni. "Haujakatika."

"Basi nimechoka, mama. Hairuhusiwi?"

"Inaruhusiwa. Usinisagie meno tu, nayasikia kutoka hapa."

Agathi angeweza kusema neno pale pale. Alilimeza. Alikuwa na ustadi wa kumeza, amezoea tangu utotoni, na kila alichokimeza kilikuwa hai tumboni mwake. Usiku alijiambia hana wivu, ni haki tu anayoitaka. Mchana aliona Melpo kila mahali: kwenye picha ukutani, kwenye kikombe alichokunywea utotoni, kwenye mabega ya koti lililoning'inia juu ya mlango likingoja bitana. Mabega yenyewe yalikuwa membamba. Yalikuwa ya Melpo tangu mwanzo, na yeye, fundi mzima, hakuyaona!

Jumapili moja kabla ya mwaka mpya Bi Evanthia alikwenda kanisani. Agathi alisema kichwa kinamuuma. Mlango ulipofungwa tu, akalishusha koti, akafumua bitana ya hariri iliyotiwa juzi tu, chini ya kwapa la kushoto, akatoa kipande kimoja, koo moja lisilozidi vidole viwili, akakigeuza kichwa chini miguu juu, akakishona tena kwa sindano ya mkono. Alichagua kwapa kwa sababu mkono ukining'inia hapaonekani. Melpo hatajua. Atatembea nacho mjini mwao, atakaa nacho kwenye kumbi za tamthilia na karamu, ana kasoro ubavuni, na huku Kastoria kuna mtu mmoja anayejua. Hicho tu ndicho alichokitaka. Aliporudisha bitana na kung'ata uzi, alijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kutapika.

Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa la mtu aliyekaa sana chini ya kivuli cha fundi mkubwa. Kila mtu Kastoria akionyeshwa koti geni huinua mkono wa koti kwanza na kuchungulia kwapani, maana ndipo mshonaji mvivu anapoficha uvivu. Lakini koti la Bi Evanthia halikuinuliwa mkono tangu Agathi azaliwe. Ingekuwa kumtukana. Agathi alilitegemea hilo kama mtu anavyotegemea ukuta.

Melpo alifika na mvua ya theluji, mashavu mekundu, mikoba mingi, akicheka kabla hajavua viatu. "Dada! Umekonda, au ni nguo? Njoo nikubusu. Mama anakulisha kweli huyu?" Agathi akabusiwa. Mdogo wake alinukia vizuri, na hilo nalo likamuudhi.

Siku ya kwanza ya Ragutsaria, tarumbeta na ngoma zikishaanza kupita barabara ya chini, wanawake wa mtaani walikusanyika kwa Bi Evanthia kuona koti kabla ya kwenda kucheza. Wengine walishavaa vya sherehe: makoti ya marehemu waume zao yamegeuzwa nje ndani, masharubu ya kuchorwa kwa makaa, Bi Polixeni mwenyewe amevaa kofia ya askari. Bi Polixeni alikuwa mchaguaji ngozi wa karakana kubwa kuliko zote, mwenye vidole vinavyoheshimika na mdomo usioheshimu mtu. Kulikuwa na kabichi iliyoviringishiwa nyama, na glasi za tsipuro, pombe kali ya zabibu, hazikukaa tupu.

Bi Evanthia alimvika Melpo koti kwa mikono yake. Chumba kizima kikavuta pumzi. Lilimkaa! Mungu wangu, lilimkaa. Lilimshukia toka shingoni kama maji meusi, na Agathi, aliyesimama karibu na jiko na sinia mkononi, alitamani sinia limponyoke livunje kitu.

"Uvae kwa afya," akasema mama.

"Kwa afya, kwa afya!" wakaitikia wanawake.

Na Melpo, Melpo yule yule asiyejua kukaa na mikono yake, akaitupa yote miwili juu akamkumbatia mama yake shingoni. Mikono ya Bi Evanthia ikapita chini ya kwapa kumzunguka mgongo. Agathi aliuona mkono wa kulia wa mama ukisimama. Ukarudi nyuma kidogo. Ukapita tena pale pale, polepole, kisha ukatulia. Uso wa mama haukubadilika, ila alimkumbatia Melpo muda mrefu kupita kawaida.

Hapo pengine pangeishia. Lakini Melpo alikuwa bado na mikono juu, na Bi Polixeni alikuwa nyuma yake, na tsipuro ilikuwa imeshamwondolea haya kidogo aliyokuwa nayo.

"Ngoja, ngoja. Usishushe mkono." Akasogeza kofia ya askari kisogoni, akainama. "Evanthia, hebu njoo na taa. Hapa kuna kipande kimelala kinyume."

"Umelewa, wewe," mtu akasema.

"Nimelewa kichwa, vidole havinywi. Pitisheni mikono muone!"

Wakapitisha, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja mkono ulikwama. Nje ngoma zilikuwa zikipiga kama kawaida. Bi Polixeni aliinua kichwa. Hakumtazama Bi Evanthia. Alimtazama Agathi, yeye na sinia lake, na wengine wakafuata macho yake.

"Mkono huu kashona nani?" aliuliza.

Agathi alifungua mdomo. Katika mji ule fundi anayekosea huchekwa kisha husamehewa. Fundi anayeharibu ngozi kwa makusudi hapewi tena hata ukucha wa minki, yeye wala jina lake, na ataondoka kama wanavyoondoka wezi.

"Mimi," akasema Bi Evanthia.

"Wewe, Evanthia? Sikubali."

"Kubali, usikubali, ni mimi. Macho." Akakipapasa kiti akakaa. "Tangu kiangazi naona ukungu. Jicho hili la kushoto ndilo baya. Nilikuwa namficha kila mtu, hata hawa wanangu. Nilisema nimalize koti moja tu, hili la mwanangu, halafu niache. Sasa mmeona wenyewe."

"Mama!" Melpo alipiga magoti na koti lake. "Mbona hukuniambia? Stratos anawajua madaktari!"

"Daktari nimemwona. Ni uzee, Vizoni wangu, hauna dawa."

Wanawake walianza kulia, wale wenye masharubu ya makaa wakajipaka weusi uso mzima. Bi Polixeni alivua kofia. Alisema ndiyo, sasa anakumbuka, mwezi uliopita Evanthia alimpita barabarani bila salamu. Mwingine akakumbuka alivyomwaga chumvi. Kila mtu alikuwa na ushahidi wake. Hata Agathi alishika tumaini hilo: labda ni kweli. Labda mama haoni, na kile kipande hajui kama alikigeuza au hakukigeuza. Alijichukia kwa furaha aliyoisikia, lakini aliisikia.

Jioni hiyo Melpo alitolewa kwenda kucheza ngoma, wanawake wakamburuta, wakisema lazima koti lionekane. Agathi alibaki jikoni anaosha glasi. Bi Evanthia aliingia, akachukua kitambaa, akaanza kukausha.

"Hiyo ina ufa," alisema. "Kwenye ukingo. Iweke pembeni isimkate mtu."

Agathi aliigeuza glasi kwenye mwanga. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Akaiweka pembeni.

"Mama, ni mimi."

"Najua."

"Siku ulipokwenda kanisani."

"Siku sijui, ila mtu namjua. Kabla ya bitana nilipitisha mkono koti zima, Agathi, kila kipande. Na nyumba hii haiingii paka."

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Ulitaka niseme nini? Macho yangu watayaombea. Wewe wangekufanya nini?" Aliendelea kukausha, hakupandisha sauti. "Ungekwenda wapi? Frankfurt kwa Melpo?"

Jina hilo likamchoma hata pale alipokuwa, kwenye aibu hadi shingoni. Akalipuka. "Mimi ndiye niliyechagua yale makoo! Mimi! Nimekaa na wewe miaka yote, nimezeeka kwenye kiti hiki, na koti ukampa yeye. Kwa nini yeye? Kwa nini siku zote yeye?"

Bi Evanthia aliipanga glasi moja kavu kabatini. Agathi alingoja jibu ambalo lingemweka sawa, alilolingojea tangu kilimani kwa mjomba.

"Aliliomba," mama akasema. "Kabla sijalikata alinipigia simu akasema, mama, nataka kitu ulichoshona wewe. Wewe hukuwahi kuomba. Nilidhani hulitaki. Nilidhani ukiona koti lingine la minki utatapika."

"Ungeniuliza!"

"Ndiyo. Ningekuuliza." Akamkabidhi kitambaa. "Malizia hizo. Nimechoka kweli."

Kesho yake Agathi alimwambia Melpo amwachie koti asubuhi moja tu, akigeuze kile kipande. Alimwomba kwa sauti nyenyekevu ambayo hajawahi kuitumia kwa mdogo wake. Melpo akalikumbatia koti kifuani.

"Usiguse, dada. Tafadhali. Hicho ndicho kipande cha mwisho cha mama." Akaingiza vidole kwapani, akapapasa yale manyoya yaliyolala kinyume, machozi yakimlengalenga. "Nikiwa kule nitapitisha mkono hapa, nitajua ni yeye. Mengine yote yangeweza kushonwa na mtu yeyote."

Agathi alisema sawa. Akambebea mikoba hadi kwenye gari. Gari lilipokata kona aliona mkono wa Melpo umeingia chini ya kwapa, na ule moto wa tumboni ukapanda kama zamani. Alishangaa kwamba bado upo. Kosa lilikuwa lake yeye, na bado Melpo ndiye aliyeondoka nalo kama zawadi.

Habari za macho ya Bi Evanthia zilizunguka ziwa zima kabla barafu haijayeyuka. Karakana ziliacha kumletea kazi. Sasa magunia ya mabaki yaliletwa kwa jina la Agathi, na Agathi alikaa kwenye kiti cha mama yake, kiti alichokitamani tangu miguu yake ilipofikia kanyagio. Mama alikaa dirishani. Watu wakiwa hawapo, alimtungia sindano, akamchagulia rangi, akasema kutoka upande wa pili wa chumba, "Kile cha tatu kimezidi wekundu, kitoe," na siku zote kilikuwa kimezidi wekundu. Mara nyingine aliitazama mashine, mikono yake ikichezacheza magotini.

"Mama, niache niwaambie," Agathi alisema siku moja, bila kuinua macho. "Nitakwenda kwa Polixeni mwenyewe nimwambie. Siwezi hivi."

"Shona."

"Watakurudishia kazi."

"Watakurudishia nini wewe?" Bi Evanthia alikuwa ameshika uzi mwembamba mweusi, ameuelekeza kwenye mwanga, anautia kwenye tundu la sindano kwa mara moja kama alivyofanya maisha yake yote. "Shona, mwanangu. Mshono unapinda."

Ngazi za nje zililia. Alikuwa Bwana Lazaros wa karakana, amebeba gunia, na Bi Evanthia alishamwona dirishani tangu anavuka barabara. Akaichomeka sindano kwenye mto wake, akaikunja mikono magotini, na mlango ulipofunguka aligeuza uso kidogo pembeni ya pale mgeni aliposimama.

"Nani huyo?" aliuliza.

"MIMI, LAZAROS, BI EVANTHIA!" mgeni alipaza sauti, kama wanavyofanya watu mbele ya asiyeona. "HUJAMBO MAMA YANGU?"

"Aa, Lazaros. Karibu, baba. Agathi, mpe mgeni kahawa." Na mkono wake ukatambaa juu ya meza kutafuta kikombe chake mwenyewe, ukagonga bakuli la sukari, ukarudi, ukatafuta tena, mpaka Agathi aliposhuka kutoka kwenye kiti akakisukuma kikombe chini ya vidole vyake.